Mbwa amerudi kutoka upasuaji wa jicho: tumvue koni alale?

Swali: Daktari, shikamoo. Mbwa wetu mdogo, Shih Tzu wa miaka sita, alifanyiwa upasuaji wa jicho la kushoto siku tatu zilizopita. Alikuwa na kidonda kwenye konea kilichokaribia kutoboka, wakakiziba kwa kiraka kilichotoka kwenye jicho hilohilo. Tumerudi nyumbani na koni ya plastiki ya kuvaa shingoni ili asijikune jicho, dawa tatu za jicho, vidonge, na karatasi ya maelekezo ambayo nusu yake siielewi. Anajigonga kila mahali, chakula anakigusa tu, usiku analia. Mama anasema tumvue koni angalau alale, maana tunamtesa. Katikati ya jicho kuna kitu chekundu na machozi yanatoka. Je, ni kawaida? Tumvue? Na mambo yakiharibika nitajuaje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo linalowanyima usingizi: msimvue. Usiku huu msimvue, kesho msimvue, na hata zile dakika mbili anapokunywa maji huku mmempa kisogo, msimvue. Mwambie mama kwamba huruma yake naielewa, nami humwonea huruma kila mbwa ninayemvisha koni. Lakini koni inamkera tu, wakati ukucha mmoja unaweza kulitoboa jicho hilo.

Hebu fikiria kilichofanyika. Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kwa mbwa ina unene wa nusu milimita au zaidi kidogo. Ya mbwa wenu ililiwa na kidonda mpaka ukabaki utando. Daktari akachukua kipande cha ngozi laini inayofunika weupe wa jicho, akakivuta mpaka kwenye shimo bila kukikata chote, akakishona kwa uzi mwembamba kuliko unywele wa mtu. Nyuzi hizo zinahimili jicho lililotulia. Hazihimili kidole gumba cha mguu wa mbele wa mbwa, kile kilicho juu kidogo chenye ukucha uliopinda, wala uso unaosuguliwa kwenye zulia.

Niliwahi kumpokea mbwa aliyekuwa katika siku ya tisa baada ya upasuaji kama huu. Jicho lilikuwa limetulia, halitoi kitu, anacheza. Mwenye mbwa akamvua koni ili amchane nywele, simu ikaita chumba cha pili, akaenda kuipokea. Aliporudi alimkuta anasugua uso kwenye mguu wa kiti. Jicho tuliliokoa kwa upasuaji wa pili, ila kovu lililobaki lilikuwa kubwa kuliko lile ambalo lingebaki mwanzo. Yule bwana alimpenda mbwa wake kwa dhati. Ndiyo maana kila ninapoeleza jambo hili hutaja siku ya tisa: jicho linapopona huwasha. Wiki ya kwanza maumivu yanamzuia mbwa na hofu inawazuia ninyi. Wiki ya pili yeye amechangamka na ninyi mmelegea, na mwasho ndio umepamba moto.

Kwa upasuaji wa kiraka, koni mara nyingi hukaa wiki tatu mpaka nne. Siku ya kuivua huamuliwa na daktari aliyeliangalia jicho kwa darubini. Mkiwa nyumbani mtaona tu kwamba linaonekana zuri, na hilo halitoshi.

Sasa iangalieni koni yenyewe, kwa sababu nyingi ninazoziona hazikuvalishwa sawasawa. Mbwa akiwa amesimama, ukingo wake upite ncha ya pua kwa upana wa vidole viwili hivi. Ikiishia sawa na pua, ataweza kuusugua uso kwenye kona ya ukuta. Shingoni vidole viwili vipite kati ya koni na ngozi: vikipita vinne ataivua kwa miguu ya mbele, visipopita kabisa inamkaba. Shih Tzu ana uso mfupi na shingo nene, kwa hiyo koni humtoka kwa urahisi. Ipitisheni kamba laini na mfunge pamoja na mkanda wake, bila kukaza. Yale maboya laini ya kuvaa shingoni yanafaa kwa jeraha la tumbo. Kwa jicho hayafai, maana miguu ya mbele hufika usoni bila shida.

Inafunguliwa kwa jambo moja tu: kila siku mtu mmoja amshike kichwa kwa mikono miwili na mwingine afungue koni, aifute mabaki ya chakula, akague ngozi ya shingo kama imechubuka, airudishe. Watu wawili. Ukiwa peke yako, subiri mwenzako arudi.

Kujigonga kutapungua ndani ya siku chache, mbwa hujifunza upana wa koni kama mtu anayejifunza kuendesha gari kubwa zaidi. Msaidieni kwa kumpunguzia eneo: chumba kimoja, hakuna meza za vioo wala miguu ya viti iliyosongamana, maji na tandiko mahali pamoja kila siku. Vitu vikishawekwa visihamishwe. Jicho la kushoto halioni vizuri sasa, kwa hiyo mkimkaribia upande huo mwiteni kwanza ndipo mmguse.

Kuhusu kulia usiku, kuna kilio cha namna mbili na inabidi mvitenganishe. Akinyamaza mnapoketi karibu naye na kuanza tena mkiondoka, huo ni wasiwasi. Mleteni tandiko lake chumbani mwenu, chini sakafuni, na mviringishe taulo chini ya ukingo wa koni ili kichwa kipate pa kuegemea. Lakini akiwa anazunguka bila kutulia hata mkiwepo, anafumba jicho kwa nguvu, anatweta bila joto, hataki kuguswa kichwa, na chakula anakikataa, hayo ni maumivu. Mpigieni daktari wenu asubuhi, mseme hivyo hivyo. Siku ya tatu mbwa aliyepewa dawa za kutosha hatakiwi kulia kwa maumivu, na kuna dawa za kuongeza. Msingoje siku ya marudio kwa ajili ya hilo.

Chakula mara nyingi kinakataliwa kwa sababu koni inafika sakafuni kabla ya mdomo kufika kwenye bakuli. Tafuteni bakuli jembamba kuliko koni, lipandisheni juu ya sufuria iliyopinduliwa ili koni ilizunguke bakuli lote. Au mlisheni kwa mkono kwa siku mbili tatu, chakula laini kilichopashwa moto kidogo ili harufu ipande. Kutoenda haja kubwa siku moja au mbili baada ya nusukaputi si ajabu, na kikohozi kidogo pia, kwa sababu alikuwa na mpira wa kupumulia kooni. Akimaliza siku nzima bila kula chochote, piga simu. (Wasomaji wenye mbwa wa kisukari msisubiri siku nzima: mlo mmoja ukikosekana ulizeni kwanza kabla ya kudunga insulini.)

Kile kitu chekundu ndicho kiraka, na wekundu wake ni habari njema. Konea ya kawaida haina mishipa ya damu, ndiyo maana inapitisha mwanga, na ndiyo maana hupona polepole ikiharibika sana. Kiraka kimekuja na mishipa yake. Kinalisha shimo, kinapeleka kinga ya mwili palepale, kinaziba. Wiki za kwanza kitaonekana kinene, chekundu, kimevimba, kama kipande cha nyama kilichobandikwa juu ya jicho, na watu wengi hushtuka. Kikibaki chekundu au waridi, kinaishi. Kikigeuka cheupe au kijivu katika wiki hizi, au mkaona mwanya kati yake na konea, hapo ndipo mnapotakiwa kukimbia.

Machozi maji maji nayo ni kawaida kwa siku hizi, hata yakiwa na rangi ya waridi kidogo, na matongotongo ya kijivu asubuhi pia. Nina ushauri mmoja ambao umewasaidia watu wengi kuliko maelezo yangu yote: kila asubuhi mpigeni picha ya jicho kwa simu, mahali palepale, karibu na dirisha, bila kuwasha taa ya simu. Mtu anayelitazama jicho mara nane kwa siku hupoteza kipimo, leo analiona bora, jioni analiona baya. Picha ya jana ikiwekwa kando ya picha ya leo humwambia ukweli, na daktari naye atashukuru akiziona.

Tuje kwenye dawa, ambako ndiko kazi yenu kubwa iliko. Nina hakika kwamba macho mengi zaidi hupotea kwa sababu ya matone yasiyofika ndani ya jicho kuliko kwa sababu ya kushona vibaya.

Kwanza mpangilio. Chukueni karatasi kubwa, chora safu ya kila dawa, andika saa, bandika ukutani, na anayeweka dawa aweke alama palepale. Nyumba yenye watu wawili au watatu bila karatasi, mbwa huishia kupewa dawa mara mbili au kukosa kabisa, kila mtu akidhani mwenzake amempa. Siku za mwanzo ratiba inaweza kuwa kila saa mbili au nne, hata usiku. Gawaneni zamu na mama.

Tone moja linatosha. Mfuko wa kope ya chini ya mbwa hauwezi kubeba zaidi ya hilo, tone la pili humwagika shavuni. Kati ya dawa moja na nyingine subirini angalau dakika tano, kwa sababu dawa ya pili ikifuata haraka huiosha ya kwanza. Zinazofanana na maji zitangulie, nzito zifuate, na kama mojawapo ni marhamu ya mafuta, hiyo iwe ya mwisho, dakika kumi baada ya matone: mafuta yakitangulia, dawa ya maji haitapenya. Dawa yenye unga uliotuama chini itikiseni vizuri, la sivyo mtakuwa mnampa maji matupu wiki nzima na dawa yenyewe ibaki chupani.

Namna ya kumshika. Mwambie mama amkalishe mbwa mapajani, mgongo wake ukiwa kifuani mwake, mkono mmoja ukizunguka kifua. Msimshike kamwe kwa ngozi ya shingo mkaivuta nyuma. Naomba mlishike sana hili. Mbwa wa nyuso fupi kama Shih Tzu, Pug na Pekingese macho yao yamekaa juu juu kwenye matundu yake, na kukazwa shingo kunaweza kulisukuma jicho zima likatoka nje. Wewe njoo kwa nyuma au pembeni, kwa sababu mkono unaokuja mbele ya uso humfanya afumbe jicho. Inua kidevu pua ielekee juu. Kiganja kinachoshika chupa kiegemee paji la uso, ili akitikisa kichwa mkono wako uende naye badala ya ncha ya chupa kumchoma. Kwa kidole gumba cha mkono wa pili vuta kope ya juu taratibu kuelekea kwenye paji, ukibonyeza mfupa, bila kuligusa jicho lenyewe. Weupe wa jicho utaonekana; dondosha hapo kutoka juu kidogo, ncha isiguse kitu. Mwache apepese. Koni inabaki shingoni muda wote, na ukizoea utaona inakusaidia kumshika.

Halafu mpe kitu anachokipenda, papo hapo, kila mara, hata kama alileta vurugu. Matone ya siku ya kumi na tano yanategemea jinsi mlivyomtendea siku ya tatu.

Kama hujui tone limeingia au limeangukia shavuni, weka jingine. Kwa dawa nyingi ziada haina madhara. Isipokuwa atropini. Hiyo haiongezwi ovyo kwa mbwa mdogo, kwa sababu inaingia mwilini. Soma jina kwenye chupa: ukiikuta atropini, ujue kazi yake ni kutuliza maumivu ya ndani ya jicho na kuitanua mboni, na kwamba ni chungu mno. Kutoka machoni kuna mfereji unaoshuka puani hadi kooni, kwa hiyo mbwa akiionja hutokwa mate na povu utadhani amekula sumu. Hupita baada ya dakika chache. Mboni itabaki pana kwa siku kadhaa hata baada ya kuacha dawa, na mwanga mkali utamsumbua, shusheni mapazia.

Mbwa wengine wenye vidonda kama hiki hupewa matone yaliyotengenezwa kwa majimaji ya damu. Mkiwa na chupa ya namna hiyo, iwekeni kwenye friji na msiitumie kupita tarehe mliyopewa, maana bakteria huipenda. Dawa nyingine zikishafunguliwa mwezi mmoja, zitupwe.

Na jambo ambalo sitachoka kulisema: msimwekee dawa yoyote ya jicho iliyobaki nyumbani, ya mtu au ya mbwa mwingine. Nyingi zina steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, na steroidi kwenye konea yenye kidonda huzuia kupona na huchochea vimeng'enya vinavyoiyeyusha konea. Nimeona konea ikitoboka usiku mmoja kwa tone lililowekwa kwa nia njema. Vivyo hivyo vidonge: ibuprofeni, diklofenaki, aspirini na parasetamoli za kabatini si za mbwa. Mpeni tu vile alivyoandikiwa, pamoja na chakula, na mkiona anatapika au kinyesi kimekuwa cheusi, simamisheni na mpige simu.

Ikitokea anapigana nanyi kweli, anauma, acheni. Mvutano wenyewe hupandisha presha ndani ya jicho na unaweza kuharibu kuliko dozi moja iliyokosekana. Mpigieni daktari. Upo mpira mwembamba unaoweza kushonwa kwenye kope ili dawa ipitishiwe kwa nyuma ya kichwa, bila kuligusa jicho. Kuomba hilo si kushindwa.

Usafi ni mdogo tu. Chemsha maji, yapoe kabisa, au tumia maji ya chumvi ya hospitali. Lowesha gozi, futa matongotongo kwenye kope na manyoya kutoka kona ya ndani kwenda nje, tupa, chukua kipande kingine. Msitumie pamba, huacha nyuzi zinazonasa kwenye mishono. Gamba lililoganda lilowesheni mpaka lilainike, msilibandue. Jicho lenyewe lisifutwe. Na nywele za usoni za Shih Tzu, najua zinaudhi, msizikate ninyi kipindi hiki. Zikusanyeni juu mzifunge.

Matembezi yawe ya haja tu, kwa kamba, dakika chache, na kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani. Mkanda wa shingoni ukivutwa huzuia damu isirudi kutoka kichwani, na presha ndani ya jicho hupanda. Kwa jicho lenye kiraka kibichi hiyo ni hatari ya kweli. Kwa sababu hiyohiyo hakuna kurukia kitanda, hakuna kuvutana kitambaa, hakuna kutafuna mifupa migumu, na kama kuna kitu kinachomfanya abweke getini, mwekeni upande mwingine wa nyumba. Akipata choo kigumu anachojikamua, semeni. Kuoga bado. Vumbi, moshi wa jikoni na dirisha la gari lililo wazi, mwepusheni navyo.

Umeuliza utajuaje mambo yakiharibika. Kipimo kizuri kuliko vyote ni jinsi anavyolifumbua jicho. Kila siku linatakiwa lifumbuke zaidi kidogo kuliko jana, au angalau sawa na jana. Mbwa aliyekuwa akilifumbua kisha akarudi kulifumba, kuna kitu: uzi umelegea na unakwaruza, kidonda kimeambukizwa, au presha imepanda. Hilo ni la kupiga simu siku hiyohiyo. Siku hiyohiyo pia kama usaha wa manjano au kijani unatoka, kama kope zimevimba kuliko jana, au kama sehemu ya konea iliyokuwa safi imeingia ukungu wa buluu.

Yapo mengine ambayo hayasubiri simu kupokelewa. Maji ya uvuguvugu yakimwagika ghafla kutoka jichoni na yakalowesha uso, huenda ni maji ya ndani ya jicho. Kitu cheusi au cha kahawia kikichomoza kwenye konea, ni sehemu ya ndani inayotoka kupitia tundu. Jicho likinywea, au likijaa damu, au kiraka kikining'inia, ondokeni saa hiyo. Koni ibaki. Msibonyeze, msifunge kitambaa, msifute, msipake marhamu. Mpakateni mikononi, na msimpe chakula njiani, kwa sababu huenda akahitaji nusukaputi tena. Mkifika ikaonekana ni machozi tu, hakuna daktari wa maana atakayewacheka.

Kwa kuwa maswali kama lako huja mengi, niseme kidogo kwa wenye upasuaji wa aina nyingine. Ile tezi nyekundu inayotokeza kwenye kona ya jicho na kurudishwa kwa kushonwa huacha uvimbe wa wiki moja mpaka mbili, na mara nyingine hutoka tena. Ikitoka, msikubali ikatwe itupwe bila kujadiliana, kwa sababu inatengeneza sehemu kubwa ya machozi ya jicho hilo na jicho linaweza kubaki kavu maisha yote. Kope iliyokuwa imejikunja ndani na kukatwa kidogo mwanzoni huonekana kama imevutwa kupita kiasi. Uvimbe ukishuka baada ya wiki chache ndipo hukumu hutolewa. Mbwa aliyetolewa jicho lote anaweza kutoka maji yenye damu kidogo puani siku chache za mwanzo, uvimbe huwa mkubwa siku ya pili na ya tatu, nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na 14, na wenyewe huwa wazima upesi kuliko sisi tunaowatazama. Wa mtoto wa jicho ndiye mwenye matone ya miezi, na kwake jicho jekundu lenye ukungu ni dharura hata kama upasuaji ulikuwa mwaka jana.

Nirudi kwa mbwa wako, kwa jambo ambalo hukuliuliza. Kidonda kile kilianzaje? Shih Tzu wengi hawafumbi macho yao sawasawa hata wakilala, wengine wana nywele za kope zinazokwaruza, na wengine macho yao yamekauka bila mtu kujua. Ukavu hupimwa kwa kijikaratasi kinachowekwa chini ya kope kwa dakika moja. Machozi yakipanda milimita 15 au zaidi ni sawa, na chini ya hapo daktari huanza kutilia shaka. Siku ya marudio ombeni jicho la kulia lipimwe. Hilo ndilo linaloona vizuri sasa, na chochote kilichoanzisha kidonda upande wa kushoto huenda kipo kulia pia. Nyumbani likagueni hilo kila asubuhi mnapopiga picha.

Kuhusu kuona kwake, kiraka kitasinyaa na kupauka taratibu kwa wiki na miezi. Baada ya wiki sita hadi nane hivi daktari anaweza kukikata pale kinaposhikana na weupe wa jicho, mara nyingi kwa matone ya ganzi tu, kisha kitasinyaa zaidi. Kovu litabaki. Ikiwa liko katikati kama ulivyoeleza, litamzibia sehemu, lakini pembeni mwa kovu mwanga hupita na mbwa wengi hujua kulitumia jicho la namna hiyo.

Mkienda marudio, beba chupa zote, vidonge vilivyobaki na ile karatasi ya alama. Uliza kabla kama matone ya asubuhi hiyo yawekwe au yasubiri, maana daktari atamwagia rangi ya kijani kuangalia kama konea imefunga na atapima presha. Ile nusu ya maelekezo usiyoielewa, ipige mstari kwa kalamu na usiondoke mpaka umeelezwa kila neno. Na koni aingie nayo chumbani kwa daktari, shingoni, hata kama jicho mnaliona limepona.